Ukoo wa Watu Wanaozima

Kwenye karakana ile ya makochi, kila mtu alijua kwamba watu wa ukoo wa Fundi wanazima. Hawakusema kuzimia wala kuzirai. Hayo waliyaona maneno ya wagonjwa. Wao walizima kama taa, halafu wakawaka tena. Mtu amesimama zake anapiga soga, mara mlango unafungwa kwa kishindo, au ile kompresa ya upepo inanguruma bila kuaga, basi huyo chini, chali, macho yamegeuka. Hata chai haijapoa, anafumbua macho na kuuliza kimetokea nini. Watu wanacheka, wanampangusa vumbi la mbao mgongoni, kazi inaendelea.

Wateja wa siku nyingi walishazoea. Mteja mgeni aliyeshtuka aliambiwa akae tu, achague kitambaa, wala asiwe na wasiwasi. Kuna watu wana masikio makubwa, kuna watu wana vidole vya miguu vilivyopandana, na hawa wanazima. Ndivyo walivyo.

Mke wa Fundi aliolewa humo akiwa binti mwenye cherehani yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kushona vitambaa vya kuvalisha makochi na mito, na kukaa kimya mbele ya wakwe. Kazi ya kwanza aliiweza vizuri. Ya pili ilimshinda siku chache tu, ila alijikaza.

Shida ilianza alipojifungua. Mtoto wa kiume, mzima, mzuri, lakini sura yake haikufanana na mtu yeyote wa pale. Watu wa ukoo ule wana mapaji mapana na nyusi zilizoungana. Mtoto alikuja na paji dogo na nyusi zilizoachana. Wifi yake, dada wa Fundi, alikuja kumtazama, akafunua nguo, akamgeuza huku na huku kama anayekagua embe sokoni, akarudisha nguo. Kuanzia siku hiyo, kila alipofika pale, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile, tena analiuliza kwa tabasamu.

"Mgeni wenu hajambo?"

Miaka ikapita, mtoto akaanza kutembea, akaota meno, akang'oka meno, na bado ni mgeni. Fundi mwenyewe hakuwahi kumtetea wala kumshutumu. Alikuwa anapiga randa mbao zake tu. Hilo ndilo lililomuuma mke zaidi ya wifi.

Halafu siku moja, mtoto akiwa na umri wa kuanza shule, alikuwa anachezea vipande vya sponji karibu na kompresa. Ikawaka. Mtoto akaanguka pale pale kama nguo iliyotoka msumarini. Mama yake aliruka kutoka kwenye cherehani mpaka uzi ukakatika, lakini bibi wa mtoto alimtangulia. Huyo bibi, mama yake Fundi, alikuwa anakaa mlangoni kila siku na koleo lake, aking'oa pini kwenye makochi ya zamani yanayoletwa kufanyiwa ukarabati. Alipiga magoti, akamtazama mjukuu usoni, akamwona anaanza kupepesa macho. Akacheka. Alicheka mpaka akatokwa machozi.

"Huyu wetu," alisema. "Leo kapigwa muhuri."

Ndipo mtoto akaitwa Muhuri, na mama yake akawa Mama Muhuri. Wifi alikuja jioni hiyohiyo na viatu vipya vya mtoto, akamkumbatia, akamwita mwanangu. Fundi alimbeba mabegani akazunguka naye mtaa mzima. Na Mama Muhuri alijifungia jikoni akalia kwa furaha, akinawa uso na kulia tena. Usimcheke. Mtu akikaa miaka yote hiyo anatazamwa kama aliyeingiza kitu cha wizi ndani ya nyumba, siku anayosafishwa atalia. Wewe pia ungelia.

Hapo ndipo penye kosa, na ndiyo sababu habari hii inasimuliwa. Kitu kilichokuwa kinamwonya, yeye alikipokea kama zawadi.

Muhuri alizima tena shuleni, kengele ilipogongwa karibu yake. Mwalimu wa darasa alikuja mwenyewe mpaka karakana, akasema mtoto apelekwe hospitali. Mama Muhuri alimkaribisha soda, akamsikiliza kwa heshima, akamweleza kwamba kwao ndivyo walivyo, baba yake anazima, babu yake alikuwa anazima, asiwe na wasiwasi. Mwalimu akauliza kama kuna aliyewahi kupimwa. Akajibiwa kwamba huwezi kwenda kupimwa kwa kuwa na nyusi zilizoungana. Watu wakacheka. Mwalimu akamaliza soda yake akaondoka, na Mama Muhuri alibaki amenuna kidogo, akiona kama mwalimu anataka kumnyang'anya mtoto haki yake.

Baadaye akazaliwa wa pili, msichana, kaka yake akiwa mwanafunzi mwenye madaftari yake. Huyu alikuwa na paji la baba yake na nyusi za baba yake, hata mtu asiyewajua angemrudisha nyumbani akipotea. Alikuwa msemaji kuanzia asubuhi, wakamwita Chiriku. Chiriku hakuwahi kuzima hata mara moja. Binamu zake, watoto wa wifi, walikuwa wanamtania kwamba yeye umeme wake hauna hitilafu, labda aliokotwa. Na yeye alikuwa anawajibu kwamba zamu yake haijafika.

Muhuri alikua. Alimaliza shule, akaanza kujifunza kazi kwa baba yake. Alikuwa na mkono mwepesi wa kukata sponji, kisu kinapita mara moja tu na kingo zinatoka zimenyooka. Bibi yake alimwita mume wangu, akawa anamtania kwamba akipata mchumba amlete kwanza kwake, waheshimiane kama wake wenza.

Asubuhi moja simu yake ililia. Ilikuwa ile sauti ya kuamsha, aliyoitegesha mwenyewe ili awahi kupokea mbao. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mama yake alikuwa anachemsha chai, akamwita kwa sauti ainyamazishe, wenzake wamelala. Ikaendelea. Akaenda mwenyewe huku ananung'unika. Muhuri alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umenyooka kuelekea ilipo simu. Mama aliinyamazisha simu kwanza, ndipo akamgusa mtoto.

Hakupiga kelele. Alijua kazima. Akamwita Fundi, Fundi akaja na kanzu yake ya kulalia, akamlaza mtoto vizuri. Bibi akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwacheni," alisema. "Atawaka."

Wakangoja. Hilo ndilo Mama Muhuri analolikumbuka kuliko yote, kwamba walikaa watu wazima watatu ndani ya chumba, wametulia, wanangoja. Chai ilichemka ikamwagikia jiko. Aliisikia inavyofoka akawaza kwamba akimaliza hapa ataenda kufuta.

Msibani kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema kijana alikula akalala papo hapo. Mwingine akasema jana yake alibeba makochi mawili peke yake, vijana hawajihurumii. Wifi ndiye aliyesema kwamba ni mto, kwamba alilalia uso ukamziba pumzi, na neno hilo likashika, kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba. Walipotawanyika watu, Fundi alipita chumba kwa chumba akakusanya mito yote ya nyumba ile, akaipasua kwa kisu cha sponji, akaitupa nyuma. Kutoka siku hiyo Chiriku alilala bila mto.

Na mama yake alirudi kwenye cherehani. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Hakuwa nao. Alikuwa anasikia kila kitu kwa mbali, kama mtu aliyezibwa masikio kwa sponji. Angemaliza kushona kitambaa cha kochi zima, akakikunjua, asikumbuke alianza lini. Majirani hawakujua tena wamwiteje. Wengine walianza kumwita Mama Chiriku, halafu wanashika mdomo. Yeye aliitikia yote mawili. Hakuona tofauti.

Chiriku akapata kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha kawaida cha vumbi na mabadiliko ya hewa, na zamani angemchemshia maji ya tangawizi kikaisha. Sasa alimshika mkono akaenda naye hospitali. Hata hakuwa na hofu. Miguu yake tu ilimpeleka.

Daktari alikuwa dada mdogo, miwani yake ilikuwa kubwa kuliko uso, akawa anaisukuma juu kwa kidole kila anapoandika. Alimpima mtoto kifua, akauliza maswali yake. Ana pumu? Hana. Kuna dawa inamdhuru? Hakuna. Kwenye familia kuna mwenye ugonjwa wa moyo? Mama akajibu hakuna, tena alijibu kwa kweli kabisa, bila kuficha. Akaulizwa kama mtoto amewahi kuzimia.

"Mimi bado," alijibu Chiriku kabla ya mama yake. "Kaka ndiye alikuwa anazima. Na baba. Kwetu wanazima wote, lakini mimi zamu yangu bado."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa. Akaweka kalamu chini. Akauliza kaka yuko wapi. Chiriku akamwangalia mama yake, kwa mara ya kwanza hana la kusema, na mama akasema kafariki, alizibwa na mto. Daktari akauliza alikuwa na umri gani. Akaambiwa. Akasema kijana wa umri ule hazibwi na mto.

Hakusema kwa ukali. Alivuta kiti chake karibu. Akaeleza, taratibu, kwamba moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, na kuna watu wanaozaliwa na kasoro kwenye huo umeme. Ukiwatazama ni wazima, wanabeba mbao, wanacheza mpira. Kinachowaangusha ni kishindo, au kengele, au simu inayolia wakiwa usingizini, wengine ni kuogelea, wengine ni mbio au hasira. Moyo unachanganyikiwa mapigo, damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Mara nyingi unajirudi wenyewe, anaamka. Kuna siku haujirudi. Na kasoro hiyo inatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa ni nusu kwa nusu, awe nayo au asiwe nayo, na huwezi kujua kwa kumtazama nyusi.

Hilo la nyusi hakulisema daktari. Mama Muhuri alijisemea mwenyewe.

Wakampeleka Chiriku chumba kingine, wakambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi ya mistari kama mshono wa cherehani. Chiriku alikuwa anauliza kila waya unaitwaje. Daktari aliitazama karatasi muda mrefu, akaipima kwa rula, akampelekea mwenzake mkubwa, akarudi.

Akasema kipimo cha mtoto kiko mpakani. Huwezi kusema anayo, huwezi kusema hana. Kuna watu wenye kasoro hiyo ambao karatasi yao inakaribia kufanana na ya mtu asiye nayo, na hawajawahi kuanguka hata siku moja, na hao nao huweza kufa ghafla. Dawa ya kumlinda ipo, ya kumeza kila siku, lakini ni dawa ya miaka na miaka, hawezi kumwanzishia mtoto kwa kubahatisha. Anataka vitu viwili. Anataka baba aje apimwe. Na anataka kujua wote waliokufa ghafla upande wa baba.

Mama akasema upande wa baba hakuna aliyekufa kwa moyo. Mmoja aliangukiwa na kochi, mmoja alizama, mmoja aligongwa.

"Mama, usiniambie kilichowaua," alisema daktari. "Kaniulizie walikuwa wanafanya nini."

Ile dawa ya kikohozi aliyotaka kuandika aliifuta, akaandika nyingine. Akaeleza kwamba kuna dawa za kawaida kabisa ambazo moyo wa namna hiyo hauzitaki, kwa hiyo kuanzia leo, akienda kutibiwa popote, hata jino, aseme kwanza habari za ukoo. Mama akaitikia. Alisikia kila neno na hakuna lililomgusa. Alijiona kama anayesikiliza habari za watu wa redioni.

Fundi alikataa. Aliambiwa akiwa ameinama kwenye fremu ya kochi, msasa mkononi, na hakuinuka. Akasema yeye ni mzima. Akasema amezima tangu utotoni na mpaka leo anabeba mbao kuliko vijana. Mke wake akamweleza tena, kwa sauti ileile, kama anayesoma. Kwamba Chiriku hawezi kupewa dawa mpaka baba apimwe. Kwamba asipopewa, na kama anayo, siku yoyote.

"Kwa hiyo unaniambia mimi ndiye niliyemuua," alisema Fundi.

Mke wake hakuwa hata na machozi ya kumpa. Fundi akarudi kwenye msasa wake, akasugua sehemu ileile ya mbao mpaka ikaingia shimo, na kwa siku kadhaa mambo yakabaki hivyo. Walikula pamoja, wakapishana mlangoni, wakaambizana habari za mteja anayetaka rangi ya kahawa. Usiku mama alihamia kulala chumba cha mtoto, mkono juu ya kifua chake.

Wifi alipopata habari alipiga simu kutukana kidogo. Akauliza kama sasa ukoo wao umekuwa wodi. Akauliza nani ataoa binti zake watu wakisikia hivyo. Mama Muhuri aliweka simu mezani ikiwa inaongea, akaendelea kushona, wifi alipomaliza akamwambia haya wifi, wasalimie.

Akaona amebaki mtu mmoja wa kumuuliza. Siku ya pili, baada ya chai, alichukua koleo la pili akaenda kukaa mlangoni na mkwewe, wakang'oa pini pamoja kwenye kochi moja kuukuu. Bibi tangu msiba alikuwa hataniani na mtu. Ndani msasa wa Fundi ulikuwa unasikika.

"Mama," alisema, "baba mkwe siku ile alikuwa anafanya nini?"

Bibi akasema si anajua, kochi lilimlemea kwenye ngazi za mteja.

Akamuuliza alikuwa amelishika upande wa mbele au wa nyuma.

Koleo la bibi likasimama. Akafikiri, na ilionekana kama ni mara ya kwanza anafikiri habari hiyo kwa kuitazama, siyo kwa kuikariri. Akasema, polepole, kwamba kwa kweli hakuwa amelishika. Walikuwa wamelitua chini wapumzike. Mwenye nyumba alifungua mlango, mbwa akabweka kwa nguvu, mzee akaanguka. Lile kochi walilitia wao baadaye kwenye maneno, maana mtu utasemaje kwamba amekufa kwa kubwekewa.

Na shemeji aliyezama, ndugu yake Fundi? Maji yalikuwa ya kiunoni. Na alikuwa anaogelea kuliko wote, yeye ndiye aliyewafundisha wenzake.

Mama Muhuri akang'oa pini moja, akaiweka kwenye kopo. Akauliza la tatu. Hili alikuwa analiogopa, kwa sababu mtoto yule alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bibi, dada mkubwa wa Fundi, aliyegongwa na pikipiki akitumwa dukani. Kila mtu kwenye mtaa ule aliijua hiyo habari. Kijana mwenye pikipiki alizomewa na kupigwa mawe mpaka akahama na mama yake.

Bibi akatazama barabarani.

"Haikumgusa," alisema.

"Nini, mama?"

"Pikipiki. Haikumgusa. Ilipiga honi tu, kule ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa nimesimama hapahapa nawaona. Aliketi chini kama anayetaka kufunga kiatu." Akapangusa koleo kwenye kanga yake. "Hakuwa na hata mchubuko. Niliosha mwili wote, sikuona mchubuko. Lakini watu walishasema pikipiki, na mimi nilitaka iwe pikipiki."

Msasa ndani ulikuwa umenyamaza. Fundi alisimama nyuma yao kwenye uwazi wa mlango, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Siku ile ya dada yake alikuwa mtoto mdogo, na yeye pia aliokota jiwe.

"Mama, haikumgusa?"

"Haikumgusa, baba."

Bibi hakugeuka. Akaendelea kuongea, sasa kama anamwambia mkwewe peke yake, kwamba na yeye aliletwa pale kama alivyoletwa mkwewe huyo, kwamba Fundi naye alizaliwa mweupe na maneno yakawa mengi, mpaka alipozima. Siku hiyo mama mkwe wake ndipo alipompa funguo za stoo. Ndiyo maana alicheka sana kwa Muhuri. Alijua mkwewe amepona.

Mama Muhuri alitaka kumshika mkono, akaona mkono wake haunyanyuki, akauacha. Walikaa hivyo, makoleo mawili na kopo la pini katikati.

Fundi alikwenda bombani akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanawa uso. Aliporudi aliuliza huyo daktari anaanza kazi saa ngapi.

Kwenye kile chumba cha nyaya alilala kifua wazi, mwanamume mzima, macho yamekazwa juu, na Chiriku akimweleza kila waya unakwenda wapi kama vile yeye ndiye mwenye mashine. Mama alikuwa ameshika viatu na shati lake. Bibi alikaa nje kwenye benchi, akamsimulia daktari habari zote tatu bila kuongeza kochi wala pikipiki.

Daktari aliweka karatasi mbili mezani, ya baba na ya mtoto. Ya baba haikuhitaji rula. Akawaonyesha mahali ambapo mstari ulitakiwa kutua mapema na ulikuwa umechelewa, umejivuta kama raba iliyolegea. Halafu akaonyesha palepale kwenye ya mtoto. Ulikuwa umechelewa kidogo tu. Peke yake usingeweza kusema kitu. Ukiweka na wa baba, ukaweka na kaka yake, na babu, na yule aliyezama, na shangazi aliyeketi chini barabarani, hakuna tena mpaka. Akasema baba na mtoto wote wawili wataanza dawa leo. Mtoto hataogelea wala kushindana mbio, kengele na simu za kuamsha zitakaa mbali na kitanda chake, na akianguka, wasingoje aamke. Wapige kelele, mmoja aanze kumkandamiza kifua kama watakavyofundishwa, mwingine atafute gari. Wasingoje.

Fundi alisikiliza yote huku anafunga vifungo vya shati. Alivifunga vibaya, upande mmoja ukawa juu.

"Kwa hiyo Muhuri nilimpa mimi."

"Ulimpa," alisema daktari. "Na wewe ulipewa. Hakuna aliyejua. Sasa tuongee habari za huyu aliyebaki."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua shati lote akaanza kulifunga upya, taratibu, kifungo kwa kifungo, na hakuna aliyemharakisha.

Mama alikuwa anangoja ahisi kitu. Alidhani akiambiwa mtoto wake ana kinga atafunguka, atalia. Hakikuja. Alichukua dawa dirishani, akauliza zinamezwaje, akarudia maelezo mpaka mtoa dawa akamwambia mama umeshaelewa. Alimpa Chiriku kidonge cha kwanza palepale kwenye benchi, akamwambia afungue mdomo, akahakikisha kimeshuka.

Simu yake ikaita. Ilikuwa wifi. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani ya mzaha, ila chini yake ilikuwa inatetemeka, maana bibi alishamwambia habari ya pikipiki.

"Haya wifi, mmeambiwa nini huko? Tunakufa lini?"

"Walete watoto," alisema Mama Muhuri.

"Watoto gani? Anayezima kwangu ni huyu mdogo tu. Wale wakubwa hawajawahi hata kupepesuka."

"Walete wote, wifi. Na wewe uje. Hata asiyezima."

Nyuma ya simu zilisikika sauti za watoto wakigombania mpira. Mama Muhuri hakubembeleza wala hakukata. Angengoja hapo mpaka salio liishe. Kisha akamsikia wifi anaondoa simu mdomoni na kuwaita wanawe, mmoja mmoja, waingie ndani wavae viatu, wasikimbie, waje wanatembea.

"Wapo hapo mpaka saa ngapi?" aliuliza aliporudi.

"Njoo tu," alisema. "Hatuondoki."